Faini ya mwenye uwanja si hukumu ya korti

DEREVA anayerudi kwenye gari lake na kukuta karatasi imebandikwa kwenye kioo hupata washauri wawili papo hapo. Hasira humwambia airarue. Hofu humwambia alipe haraka kabla ya deni kuongezeka.

Iwapo karatasi hiyo imetolewa na kampuni inayosimamia uwanja wa mtu binafsi, washauri hao wote wawili wanapotosha. Karatasi hiyo si amri ya serikali wala hukumu ya korti, lakini pia si taka ya kutupwa.

Ni dai la pesa. Na dai lolote la pesa laweza kupingwa, mradi anayedaiwa ajue limetokana na nini, lina masharti gani na ni nani mwenye mamlaka ya kuliamua.

Uingereza imezozania suala hili kwa zaidi ya miaka 30, kortini na bungeni. Mafunzo ya mzozo huo hayawahusu tu Wakenya wanaoishi na kuendesha magari huko. Yanamgusa pia yeyote aliyewahi kukuta gurudumu la gari lake limefungwa chuma katika uwanja wa jengo la kibinafsi jijini Nairobi, Mombasa au Kisumu, kwa kuwa msingi wa sheria ya mikataba ya Kenya ulitoka huko huko.

Jambo la kwanza ni kutofautisha faini na dai. Halmashauri ya mji nchini Uingereza inapomtoza dereva aliyeegesha vibaya barabarani, hutumia mamlaka iliyopewa na Bunge. Kampuni ya kibinafsi haina mamlaka hayo.

Inachodai kampuni ni kwamba dereva, kwa kuingia uwanjani na kuliacha gari lake mbele ya bango lenye masharti, alikubali mkataba, na kwamba baadaye aliuvunja. Kwa hivyo pesa anazotakiwa kutoa ni gharama ya kuvunja mkataba.

Hata hivyo, karatasi hizo mbili hufanana mno. Zote hujulikana kwa herufi tatu, PCN. Katika karatasi ya halmashauri herufi ya kwanza husimamia neno la adhabu, na katika ile ya kampuni husimamia neno la maegesho. Si ajabu kumpata dereva akilipa ile ya pili huku akidhani anatii sheria ya nchi, ilhali anachokilipia ni ankara ya mfanyabiashara.

Zamani kampuni hizo hazikuwa na haja ya kumshawishi dereva wala hakimu. Zilifunga gurudumu kwa chuma na kuketi kusubiri. Aliyetaka kwenda nyumbani alilipa.

Uskoti ndiyo iliyotangulia kukataa. Mnamo 1992, katika kesi ya Black dhidi ya Carmichael, mahakama ya juu ya jinai ya huko iliamua kwamba kulifunga gari katika ardhi ya kibinafsi na kudai malipo ndipo lifunguliwe ni kosa la kujipatia pesa kwa vitisho. Isitoshe, majaji walisema kitendo hicho ni wizi, maana mwenye gari hunyimwa matumizi ya mali yake.

England ilichukua mkondo tofauti. Katika kesi ya Arthur dhidi ya Anker, iliyoamuliwa katikati ya miaka ya 1990, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba dereva aliyeliona bango la onyo na bado akaegesha huwa amekubali yatakayomfika. Majaji waliweka masharti: ada iwe ya wastani, na gari lifunguliwe mara tu malipo yanapotolewa.

Uamuzi huo ulilifanya bango kuwa shahidi mkuu. Ikiwa ridhaa ya dereva hutokana na kusoma onyo, je, itakuwaje kwa yule ambaye hakulisoma?

Jibu lilipatikana mwaka wa 2000 katika kesi ya Vine dhidi ya halmashauri ya Waltham Forest, jijini London. Mwanamke aliyekuwa mgonjwa aliegesha kando katika ardhi ya kibinafsi ili atapike, na aliporudi akakuta gurudumu limefungwa. Bango lilikuwepo, lakini gari jingine lilikuwa limeegeshwa mbele yake na kulificha.

Mahakama ya Rufaa ilimpa ushindi. Asiyeliona onyo, walisema majaji, hawezi kusemwa kwamba amekubali kubeba matokeo yake.

Kilele cha mjadala huo kilifika Oktoba 1, 2012. Siku hiyo Sheria ya Ulinzi wa Uhuru ya mwaka huo ilianza kupiga marufuku ufungaji wa magari katika ardhi ya kibinafsi kote England na Wales, isipokuwa kwa aliye na mamlaka ya kisheria.

Badiliko hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Gari linapofungwa, dereva hulipa kwanza na kubisha baadaye. Mwenye uwanja anakuwa mlalamikaji, hakimu na dalali kwa wakati mmoja. Gari linapoachwa liende zake, ni kampuni inayolazimika kumtafuta mdaiwa, kueleza dai lake na, ikibidi, kulithibitisha mbele ya hakimu.

Bunge halikuwaacha wenye viwanja mikono mitupu, lakini. Sheria hiyo hiyo iliwapa njia ya kumdai mwenye gari aliyesajiliwa, hata kama hawajui nani hasa alikuwa kwenye usukani siku hiyo.

Njia hiyo ina masharti ya tarehe. Iwapo hakuna karatasi iliyoachwa kwenye gari, kama inavyotokea pale ambapo kamera husoma nambari za usajili langoni, notisi lazima imfikie mwenye gari ndani ya siku 14. Ikichelewa, kampuni hupoteza haki ya kumdai yeye na hubaki na dereva peke yake, ambaye huenda haimjui.

Majina na anwani hutoka kwa idara ya serikali inayosajili magari, DVLA, ambayo hutoza kampuni pauni 2.50 kwa kila ombi. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 maombi ya aina hiyo yalizidi milioni 12. Hii ni biashara kubwa, na ukubwa wake ndio uliofanya mzozo uhamie mahakamani.

Kesi iliyotikisa wote ni ya ParkingEye dhidi ya Beavis. Bw Barry Beavis, mwenye duka la samaki na chipsi, aliegesha gari lake katika uwanja wa maduka mjini Chelmsford mnamo Aprili 2013. Kuegesha kulikuwa bure kwa saa mbili. Alipitisha muda huo kwa dakika 56, akatakiwa kulipa pauni 85, ambazo zingepunguzwa hadi pauni 50 iwapo angelipa ndani ya siku 14.

Hoja yake ilikuwa na mashiko ya kihistoria. Tangu kesi ya Dunlop ya 1915, mahakama za Uingereza zilikuwa zikipima malipo ya kuvunja mkataba kwa kuuliza iwapo yanakaribiana na hasara inayotarajiwa. Kiasi kinachowekwa kwa ajili ya kutisha tu huitwa adhabu, na adhabu ya aina hiyo haidaiki.

Kampuni, alisema, haikupata hasara yoyote kwa yeye kuchelewa katika uwanja usiolipiwa. Isitoshe, kampuni hiyo haikuwa mwenye ardhi. Ilikuwa ikimlipa mwenye ardhi pauni 1,000 kwa wiki ili iruhusiwe kuusimamia uwanja, na mapato yake yalitegemea madereva wanaokiuka masharti.

Mnamo Novemba 4, 2015, Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa wingi wa majaji sita dhidi ya mmoja. Majaji walisema hasara pekee si kipimo. Swali ni iwapo mwenye dai ana maslahi halali ya kulinda, na iwapo kiasi alichoweka kimepita mpaka wa maslahi hayo.

Kwa maoni yao, kuhakikisha nafasi zinapatikana kwa wateja wengine ni maslahi halali, na pauni 85 hazikuvuka mpaka. Jambo jingine lililommaliza Bw Beavis ni mabango. Yalikuwa karibu 20, makubwa na yenye kusomeka, na kiasi cha malipo kilikuwa kimeandikwa waziwazi.

Jaji Toulson, aliyepinga peke yake, alitazama upande wa dereva. Aliona kwamba mtu aweza kuchelewa kwa dakika chache kwa sababu nzuri, na sharti lisiloacha nafasi ya kuzingatia hali yake halimtendei mtumiaji haki.

Uamuzi huo ulizika hoja moja iliyokuwa ikipendwa na madereva, yaani kwamba kampuni haikupata hasara. Anayeitumia leo peke yake anajipeleka kushindwa. Lakini walioisoma hukumu na kudhani kwamba kila karatasi sasa lazima ilipwe walikosea pia, maana ushindi wa kampuni ulisimama juu ya mabango yake.

Pale ambapo bango ni dogo, limefichwa na matawi, limewekwa mbali na lango au halisomeki usiku, msingi wa dai hutetereka. Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeliweka jambo hilo bayana tangu 1971 katika kesi ya Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, iliyohusu jengo la kuegesha magari jijini London. Jaji Denning alieleza kwamba mkataba hufungwa dereva anapoitikia mwaliko wa mashine langoni, hivyo masharti anayoyakuta baadaye huko ndani hayamfungi.

Kuna hoja nyingine zenye uzito. Notisi iliyochelewa ni mojawapo. Mashine iliyoharibika ni nyingine. Dereva aliyelipa lakini akakosea herufi moja ya nambari ya gari huwa na risiti ya kumtetea.

Kamera nazo hukosea. Gari lililoingia asubuhi, likatoka, kisha likarudi jioni laweza kuhesabiwa kwamba lilikaa mchana kutwa, iwapo mtambo ulinasa kuingia kwa kwanza na kutoka kwa mwisho tu. Risiti ya duka la kwingine yenye saa na tarehe ya siku hiyo yatosha kuubomoa ushahidi huo.

Utaratibu wa kupinga una ngazi tatu. Ya kwanza ni kuiandikia kampuni yenyewe ndani ya siku 28, kwa maneno machache yenye tarehe, picha na nakala za risiti. Ya pili, kampuni ikikataa, ni chombo cha rufaa cha muungano wake. Kwa wanachama wa muungano mmojawapo chombo hicho ni POPLA, kilichoanza kazi Oktoba 2012 na ambacho hakimtozi dereva ada.

Uamuzi wa POPLA huifunga kampuni lakini haumfungi dereva. Anayeshindwa huko bado ana haki ya kukataa kulipa na kusubiri ngazi ya tatu, yaani korti. Gharama yake ni kwamba punguzo la kulipa mapema kwa kawaida huwa limempita.

Kosa linalowaangamiza wengi ni kunyamaza. Kuna ushauri wa vijiweni unaosema kwamba karatasi za kibinafsi zitupwe tu, kampuni zitachoka. Huenda ushauri huo ulifaa siku za nyuma, lakini leo ni mtego.

Kampuni ikifungua kesi na mdaiwa asijibu ndani ya siku 14 tangu apokee hati za korti, hukumu hutolewa bila yeye kusikilizwa. Asipoilipa ndani ya mwezi mmoja, hukumu hiyo hukaa katika rekodi yake ya mikopo kwa miaka sita. Mtu aliyedharau karatasi ya pauni 100 aweza kujikuta akinyimwa mkopo wa nyumba. Anayehama makao bila kubadilisha anwani ya usajili wa gari yumo katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa barua zote huenda kwa nyumba ya zamani.

Ubishi huo haujaisha. Mwaka wa 2019 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuitaka serikali itunge kanuni za viwanja vya kibinafsi. Kanuni hizo zilichapishwa Februari 2022 zikiwa na lengo la kushusha kiwango cha juu hadi pauni 50 katika maeneo mengi nje ya London, lakini ziliondolewa Juni mwaka huo baada ya kampuni kwenda kortini.

Kampuni zilijitungia kanuni zao za pamoja mwaka wa 2024. Mwaka huo huo, mwanamke mmoja mjini Derby alidaiwa zaidi ya pauni 1,900 kwa kuwa kila mara alichukua zaidi ya dakika tano kulipa, ingawa alilipa. Mtandao wa simu uwanjani ulikuwa duni. Kampuni ililiacha dai hilo, na mnamo Februari 2025 kanuni zikarekebishwa. Julai 2025 serikali ilianza tena kukusanya maoni kuhusu kanuni zake.

Je, Mkenya ajifunze nini? Kwanza, mgawanyo wa mamlaka ni ule ule. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la trafiki na maegesho. Askari wa kaunti, maarufu kama kanjo, hutekeleza sheria ndogo za kaunti yake. Bawabu wa jengo la kibinafsi hana mamlaka hayo. Nguvu zake hutoka kwa haki ya mwenye ardhi na kwa mkataba na dereva, basi.

Pili, Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inaingiza nchini kanuni za sheria za England zilizokuwapo Agosti 12, 1897. Hukumu za baadaye kama ya Bw Beavis hazimfungi hakimu wa Kenya, lakini wakili aweza kuzitaja ili kumshawishi.

Tatu, Kenya ina silaha zake. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma, na haki ya kulindwa kiuchumi. Uwanja usio na bango la ada, au wenye ada iliyoandikwa kwa herufi za kusomwa na mchwa, una maswali ya kujibu.

Tatizo la Kenya ni lile ambalo England ililitatua mwaka wa 2012: dereva hulipa kwanza. Chuma kimefunga gurudumu au kizuizi kimeshushwa langoni, nyuma magari yanapiga honi, na bawabu anasema hana ruhusa ya kusikiliza. Katika hali hiyo, anayelipa si lazima awe amekubali.

Sheria iliitambua hali hiyo kitambo. Katika kesi ya Astley dhidi ya Reynolds ya 1731, mtu aliyeweka vyombo vyake vya fedha rehani alidaiwa riba kupita kiasi alipotaka kuvikomboa. Alilipa, kisha akashtaki na kurudishiwa ziada. Mahakama ilikubali kwamba alilipa kwa kuwa alivihitaji vyombo vyake mara moja. Tofauti kati ya sinia la fedha na gari ni ndogo.

Kwa hivyo dereva asiye na budi kulipa na alipe, lakini aseme na kuandika kwamba analipa huku akipinga. Apige picha ya gari, ya chuma na ya bango, au ya mahali ambapo bango lilipaswa kuwa. Aitishe risiti yenye jina la kampuni, na auhifadhi ujumbe wa M-Pesa, kwa kuwa una saa, kiasi na jina la mpokeaji. Kisha aiandikie kampuni na mwenye jengo barua ya kudai pesa zake.

Barua ikipuuzwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya huduma, ya pesa zilizopokewa na asiyestahili kuwa nazo na ya uharibifu wa mali. Sheria inaitaka iamue kesi ndani ya siku 60, na mlalamishi aweza kujiwakilisha bila wakili.

Yamkini wengi watasema ada ya kufungua gari haifai usumbufu huo. Ndivyo ilivyo kwa mtu mmoja, siku moja. Ila mwenye uwanja hapigi hesabu ya mtu mmoja. Hupiga hesabu ya wote watakaosema hivyo hivyo.

Wenye ardhi nao wana malalamiko ya haki. Duka ambalo nafasi zake zimejaa magari ya watu walioenda kazini kwingine hupoteza wateja, na hospitali ambayo lango lake limezibwa huhatarisha maisha. Hakuna anayesema uwanja wa mtu uwe shamba la bibi.

Kinachotakiwa ni kwamba mwenye dai asiwe ndiye mwamuzi wake. Aandike masharti yake mahali yanapoonekana, adai kiasi cha wastani, aeleze namna ya kukata rufaa, na asiizuie mali ya mtu huku akingoja kulipwa. Bunge la Kenya na mabunge ya kaunti yaweza kuyaweka hayo katika sheria bila kumnyang'anya mwenye ardhi haki yake.

Kabla ya siku hiyo kufika, mwenye gari hana budi kujitetea mwenyewe, kwa picha, risiti na barua. Mdai na mdaiwa wote wakiwa na maandishi, hakimu atapata cha kupima. Mdai akiwa na maandishi peke yake, hukumu hujulikana kabla ya kesi kutajwa.